Picha Moja, Nakala Moja: Tengeneza Mwenyewe Kinga ya Mwanga ya Kamera ya Papo kwa Papo



Katika ukurasa wetu wa kazi za mikono, mwezi huu tunaleta kitu kidogo sana. Ni kipande cha karatasi gumu kinachobandikwa mbele ya kamera. Kukitengeneza ni kazi ya nusu saa tu. Lakini kipande hicho ndicho kinaamua kama sura ya bibi yako itabaki kwenye karatasi, au itageuka ukungu mweupe.

Twende polepole. Baadhi ya familia hapa kambini zimepata zile kamera zinazotoa picha, au foto kama wengi wetu tunavyosema, papo hapo. Nyingine zimeletwa na ndugu waliohamia Marekani, Kanada au Australia, nyingine zimekuja ndani ya mzigo wa nguo. Mara nyingi ni zile kamera za zamani za Polaroid, za plastiki, zenye umbo la boksi, ambazo huko ng'ambo zinauzwa kama mitumba. Ndugu ananunua kamera, ananunua na pakiti moja ya filamu, anatuma. Pakiti moja ina picha 8. Nane tu! Na bei yake si ya mchezo, kila picha inayoharibika ni kama umemwaga mafuta ya mgao chini.

Sasa familia inakusanyika. Mtoto amepakwa mafuta, mama amefunga kitenge cha sikukuu, babu amekalishwa kwenye kiti. Kamera inalia, karatasi inatoka, wote wanainama kuitazama. Baada ya robo saa hakuna kitu. Karatasi ni nyeupe, au sura zimefifia kama zimemwagiwa maziwa. Hapo maneno yanaanza: kamera mbovu, filamu imeoza, huyu aliyepiga hajui. Kumbe mara nyingi mwenye kosa ni jua tu.

KWA NINI TUNAJALI PICHA MOJA

Wengine watasema, simu zipo, kuna haja gani ya kamera ya namna hiyo? Ni kweli, simu zipo. Lakini simu huanguka kwenye maji, huibiwa, huishiwa moto, na ikifa inakufa na picha zote. Picha ya karatasi haiombi umeme. Unaiweka ndani ya Biblia, ndani ya Kurani, ndani ya bahasha ya kadi ya mgao, na mtoto akiuliza "babu alikuwaje?" unaitoa unamwonyesha.

Sisi wakimbizi tunalijua hili kuliko wengine. Wangapi kati yetu tulitoka Uvira, Fizi, Masisi au Rutshuru na nguo tulizovaa, albamu tukaziacha kabatini? Wangapi hawana hata picha moja ya mama yao? Na picha si ukumbusho peke yake. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, maelfu ya watoto walijikuta peke yao katika kambi za Zaire ya wakati ule, kama zile za Goma. Mashirika ya misaada yalipiga picha nyuso za watoto hao na kuzibandika kwenye mbao, wazazi na ndugu wakapita wakitazama sura moja moja. Wapo waliopata watoto wao kwa njia hiyo. Sura kwenye karatasi inaweza kumrudisha mtu nyumbani.

Na hii kamera ya papo kwa papo ina jambo moja la pekee: haina negativu. Kinachotoka ndicho hicho hicho, nakala moja duniani. Ikiharibika, hakuna studio utakayokwenda kuomba waisafishe tena. Ndiyo maana inafaa tuilinde tangu sekunde ya kwanza.

NDANI YA KARATASI KUNA NINI

Angalia picha ya Polaroid. Ina pambizo nyeupe, na pambizo ya chini ni pana kuliko nyingine. Upana ule si urembo. Ndani yake kuna vifuko vya dawa.

Ukibonyeza kitufe, mwanga unaingia kupitia lenzi na kuigusa filamu. Halafu mota inaisukuma karatasi ipite katikati ya rola mbili za chuma. Zile rola zinapasua vifuko na kuitandaza dawa katikati ya tabaka za karatasi, kama mtu anavyopaka siagi kwenye mkate. Dawa hiyo ni ute mzito. Inaanza kutengeneza picha, na wakati huohuo inabeba rangi nzito ya kuzuia mwanga, kama pazia. Pazia hilo lina kazi moja: kuifunika filamu wakati picha inakua, kwa sababu karatasi imeshatoka nje ya kamera lakini bado inahisi mwanga. Baadaye pazia linafifia lenyewe na sura zinaanza kuonekana.

Basi tatizo ni hapo kwenye pazia. Katika sekunde za kwanza bado halijakaa sawasawa. Jua likiipiga karatasi wakati huo, linapenya na kuunguza picha kabla haijazaliwa. Ndiyo kazi ya kinga yetu: kuisaidia ile dawa katika sekunde hizo chache.

"MBONA ZAMANI HATUKUFANYAGA HIVI?"

Ukimwambia mzee aliyekuwa mpiga picha Bukavu au Bujumbura miaka ya 1990, atacheka. Atakwambia: "Mwanangu, sisi tulikuwa tunatoa picha juani kabisa, tunaipeperusha, mteja anaondoka nayo. Hiyo kinga ya nini?"

Mzee hasemi uongo. Filamu ya wakati wake ilikuwa nyingine. Tueleze kidogo.

Aliyebuni picha ya papo kwa papo ni Mmarekani Edwin Land. Aliionyesha hadharani mwaka 1947, na kamera ya kwanza ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Mwaka 1972 ikatoka kamera ya SX-70, ambayo ndiyo ya kwanza kutoa karatasi nzima inayojikuza yenyewe mbele ya macho. Baadaye zikaja kamera za aina ya 600, zile boksi tunazoziona hapa. Filamu za miaka hiyo zilikuwa na pazia zito sana, jua halikuweza kupenya.

Mwaka 2008 kampuni ya Polaroid ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza filamu hizo, kwani watu walikuwa wamehamia kwenye kamera za dijitali. Mwaka huohuo kikundi kidogo kikachukua mashine za kiwanda cha mwisho, kilichoko Enschede, Uholanzi, kikajiita Impossible. Lakini dawa nyingi zilizotumika zamani zilikuwa hazitengenezwi tena. Ikabidi waanze upya kutafuta namna ya kupika ile dawa. Filamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2010, na pazia lake lilikuwa dhaifu sana. Ndipo wapiga picha wa kila nchi wakaanza kukata makaratasi na kubandika mbele ya kamera zao. Tangu wakati huo filamu imeboreshwa sana, na tangu mwaka 2020 kazi hiyo yote inaendelea kwa jina lilelile la zamani, Polaroid. Hata hivyo, mpaka leo filamu hiyo inataka kukingwa na mwanga inapotoka tu.

Kwa hiyo mzee ana haki kwa filamu yake, na wewe una haki kwa filamu yako. Na zile pakiti za zamani zilizotengenezwa kabla ya 2009, usikubali kuuziwa. Dawa yake imekauka.

KWANZA JUA KAMERA YAKO

Kabla ya kukata karatasi, angalia unayo kamera gani.

Kama ni kamera ya Instax ya Fujifilm, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1998, huna haja ya kinga. Picha yake ndogo inavumilia mwanga, na inaonekana kwa muda wa dakika moja na nusu hivi.

Kama ni Polaroid mpya, kama OneStep 2 ya mwaka 2017 au Now ya mwaka 2020, kinga imo tayari. Ni ulimi mweusi wa plastiki unaojikunjua picha inapotoka. Usiung'oe, na usimruhusu mtoto auchezee.

Kama ni boksi la zamani la aina ya 600, au SX-70 ya kukunja, mara nyingi halina kinga yoyote. Makala hii ni yako.

VIFAA

1. Karatasi gumu lakini jembamba, kama la boksi la dawa ya meno, la biskuti au la majani ya chai. Boksi nene la katoni ya mafuta halifai, halikunjiki vizuri.
2. Kitambaa cheusi au karatasi nyeusi ya kubandika upande wa ndani.
3. Gundi kidogo.
4. Sikochi nyeusi, ile ya mafundi wa umeme.
5. Mkasi au wembe, rula na kalamu. Wembe ushikwe na mtu mzima.

Mtu anaweza kusema, nitapaka masizi ya sufuria, si ni meusi? Hapana. Masizi na unga wa mkaa hupukutika. Vumbi likiingia kwenye rola, kila picha itatoka na madoa. Kiwi ya viatu nayo ina mafuta, inaganda. Kitambaa au karatasi nyeusi ndiyo salama.

Kwa nini upande wa ndani uwe mweusi? Kwa sababu karatasi nyeupe inarudisha mwanga. Mwanga ukiingia kwa pembeni ukakuta weupe, unaruka na kuangukia picha. Ukikuta weusi, unaishia hapo.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Hatua ya 1. Pima kamera. Angalia mdomo wa kutolea picha mbele, chini ya lenzi. Picha ya aina ya 600 ina upana wa sentimita 8.8 na urefu wa sentimita 10.7. Pima pia nafasi iliyopo kati ya mdomo huo na lenzi, maana kinga haitakiwi kuigusa lenzi.

Hatua ya 2. Kata karatasi gumu la mraba, sentimita 14 kwa 14.

Hatua ya 3. Chora mstari sentimita 2 kutoka ukingo wa kushoto, na mwingine sentimita 2 kutoka ukingo wa kulia. Katikati zitabaki sentimita 10. Halafu chora mstari sentimita 2 kutoka ukingo wa juu.

Hatua ya 4. Kwenye pembe mbili za juu, pale mistari inapokutana, utaona viboksi viwili vidogo. Vikate uvitupe.

Hatua ya 5. Bandika kitambaa cheusi au karatasi nyeusi upande wa ndani, ikae sawa bila makunyanzi. Acha ikauke kabisa. Gundi mbichi ikigusa picha ni hasara.

Hatua ya 6. Kunja mbawa za kushoto na kulia ziangalie chini. Kunja kile kipande cha juu kiangalie juu. Sasa unayo kitu kama upenu wa nyumba: paa lake ni sentimita 10 kwa 12, na kuta mbili fupi pembeni.

Hatua ya 7. Inyanyue juani na kuitazama kwa ndani. Ukiona nukta yoyote ya mwanga, iwe kwenye kunjo au kwenye tundu, ziba kwa sikochi.

Hatua ya 8. Bandika kile kipande cha juu kwenye kamera, juu kidogo ya mdomo, ili picha itoke chini ya paa. Kama nafasi ni ndogo, kipunguze kipande kibaki sentimita 1. Kwanza fungua na funga mlango wa filamu mara mbili tatu, uone unavyocheza. Sikochi isivuke mstari kati ya mlango na mwili wa kamera, la sivyo utashindwa kubadilisha pakiti. Isizibe lenzi, wala flashi, wala kile kijicho kidogo kinachopima mwanga.

Kwa nini paa liwe juu na chini pabaki wazi? Kwa sababu picha inatoka uso ukiangalia juu. Mgongo wake ni mweusi na hauingizi mwanga. Kama upenu unavyozuia mvua, unafunika kule mvua inakotoka.

JARIBU BILA KUPOTEZA PICHA

Hapa pana siri nzuri. Juu ya kila pakiti mpya ya filamu kuna kadi nyembamba ya kufunika, ambayo kamera inaitema yenyewe mara tu ukiingiza pakiti na kufunga mlango. Kadi hiyo inapita njia ileile ya picha, na ukubwa wake ni karibu sawa.

Basi bandika kinga yako KABLA ya kuingiza pakiti. Ukifunga mlango, angalia kadi inavyotoka. Ikiteleza chini ya paa bila kugusa mbawa, kinga ni nzuri. Ikigonga au ikapinda, rekebisha sasa, kabla hujaharibu picha hata moja.

Na kama unayo pakiti iliyokwisha, usiitupe haraka. Betri ya filamu ya 600 imo ndani ya pakiti yenyewe, na mara nyingi inabaki na nguvu kidogo. Rudisha ile kadi ndani ya pakiti tupu, iingize kwenye kamera, funga mlango: kamera itaitema tena. Vijana wanaweza kufanya mazoezi hivyo mara kadhaa, wakajifunza na kupokea picha, bila kutumia hata senti.

SIKU YA KUPIGA PICHA

Simama jua likiwa mgongoni mwako. Hapo unapata faida mbili. Watu wako wanapata mwanga usoni, na kivuli chako mwenyewe kinaifunika picha inapotoka. Kamera nyingi za aina hii hazioni vizuri kitu kilicho karibu sana, kwa hiyo kaa mbali na watu angalau mita 1.2, yaani hatua mbili hivi. Usizibe flashi kwa vidole.

Bonyeza, na usikimbilie kuvuta. Acha picha ikae chini ya kinga kwa kama sekunde 5. Kisha iingize mkono mmoja kuifunika juu, na kwa mkono wa pili ishike kwenye pambizo uivute taratibu. Igeuze uso chini mara moja, uilaze ndani ya kitabu, au ndani ya bahasha. Picha ya rangi inataka dakika 10 mpaka 15. Ya nyeusi na nyeupe inataka dakika 5 mpaka 10. Watoto watasumbua, "tuone, tuone!" Waambie ni kama mandazi, hayafunuliwi kila dakika.

Na kuipeperusha? Acha. Kuitikisa hakuifanyi iwahi kukauka, kwani dawa imefungwa ndani, hewa haiifikii. Kuikunjakunja kunaweza kuleta mistari na mapengo ndani ya picha.

Angalia pia hesabu. Kamera za zamani zilihesabu kuanzia 10, kwani pakiti za wakati ule zilikuwa na picha 10. Pakiti za sasa zina 8. Kwa hiyo namba ikifika 2, filamu imekwisha. Usiwaambie watu "bado mbili" ukawapanga mstari bure!

JOTO NALO NI ADUI

Kinga inazuia mwanga, haizuii joto. Filamu hii inapenda joto la kati ya nyuzi 13 na 28. Likizidi hapo, picha inaelekea rangi ya njano au nyekundu. Baridi ikizidi, inatoka na ubluu na sura zinapauka. Mchana wa kiangazi, chini ya shitingi, joto linapita kiwango hicho kwa urahisi. Kwa hiyo piga asubuhi au jioni, na picha ijikuzie ndani ya nyumba ya matofali au chini ya mti. Nyakati za baridi, iweke ndani ya koti, karibu na mwili.

Pakiti ambayo hujafungua, ilaze mahali pa baridi. Wengi hatuna friji, lakini mtungi wa udongo wenye maji upo. Ifunge pakiti vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, uilaze kando ya mtungi, kivulini. Kando, si ndani!

ANGALIZO KWA WAZAZI

Ile dawa ndani ya picha ni kali, ina ukali kama wa magadi. Picha ikiwa nzima haina shida. Lakini usimwache mtoto aitafune, aikate au aipasue. Ikipasuka na ute ukagusa ngozi, osha kwa maji mengi mara moja. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi na ukimbilie kituo cha afya.

Jambo la pili ni heshima. Usipige picha ya mtu bila ruhusa yake. Hapa kati yetu wapo watu wanaotafutwa na waliowatesa, sura zao zisizagae ovyo. Na kabla ya kupiga picha kwenye kituo cha mgao, ofisini au karibu na polisi, uliza kwanza uongozi.

MASWALI AMBAYO HUULIZWA

Ndugu yangu anataka kunitumia filamu. Nimwambie ipi?

Mwambie aangalie jina lililoandikwa kwenye kamera. Boksi la 600 linataka filamu ya 600. Kuna filamu nyingine inaitwa i-Type, ukubwa ni uleule na bei ni nafuu, lakini pakiti yake haina betri. Ukiiweka kwenye boksi la zamani, kamera haitalia kabisa. SX-70 nayo ina filamu yake. Ndugu wengi wamenunua kwa upendo wakatuma isiyofaa, kwa hiyo mwandikie jina herufi kwa herufi.

Anayesafiri kwa ndege aibebe vipi?

Aibebe mkononi, asiiweke kwenye sanduku kubwa la chini. Mashine za kukagua mizigo zinaweza kuiunguza filamu, na zile mpya za uwanja wa ndege ni kali zaidi. Aombe kwa upole ikaguliwe kwa mkono.

Picha imekwama mdomoni, nifanyeje?

Usivute kwa nguvu. Ondoa kinga kwanza, uone kama ndiyo iliyoizuia. Kisha ivute taratibu kwa unyoofu. Baada ya hapo zifute rola kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo na uziache zikauke.

Kinga yangu imelegea baada ya wiki moja.

Ni kawaida, jua linalainisha gundi ya sikochi. Ibandue, futa plastiki ya kamera kwa kitambaa, bandika sikochi mpya. Karatasi likipinda, kata jingine. Ndiyo uzuri wa kitu cha kutengeneza mwenyewe.

PICHA IKISHATOKA

Kazi haijaisha. Siku hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika, chukua kalamu uandike kwenye pambizo pana ya chini: majina, tarehe na mahali. Usikandamize kwa nguvu. Ikibidi, andika na jina la kijiji mlikotoka, kwenye karatasi mtakayoiweka pamoja nayo. Leo wote mnajua nani ni nani. Baada ya miaka 20 mtoto aliyebebwa mgongoni ataishika picha hiyo, na pengine hakutakuwa na mtu wa kumwambia kwamba yule aliyesimama kushoto ni shangazi yake.

Halafu, kwa sababu nakala ni moja tu, iombe simu msaada. Laza picha kivulini, ipige kwa simu, umtumie ndugu aliye mbali. Karatasi ibaki kwenu, sura ifike kwake. Mkitengana, kila upande una kitu. Na kama mnamtafuta mtu aliyepotea, waulizeni wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu wanaoshughulika na kuunganisha familia. Wao ndio watakaowaambia namna picha inavyoweza kusaidia.

Iwekeni picha mahali pakavu, mbali na jua na moshi wa jiko. Jua halichoki, hata picha iliyokwisha kukauka inapauka ikiachwa dirishani.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kukusanya familia, kusanya kwanza boksi la dawa ya meno, kitambaa cheusi na sikochi. Haba na haba hujaza kibaba. Nusu saa ya mkasi inaweza kukuokolea picha nane, na kati ya hizo nane huenda moja ndiyo itakayobaki ya mtu fulani duniani.

Mtakaotengeneza, leteni kinga zenu kwa wenzenu mtaani mkafundishane. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.